Nilivyoupaka chokaa mti wa mama mkwe wangu kule Soweto

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko nyumbani na mlioko ughaibuni.

Juzi kuna mdau humu kaweka picha ya mti wake wa Japanese maple, majani yameungua pembeni, anauliza afanyeje. Nilitaka nimjibu mistari miwili nikalale zangu. Nikaanza kucheka peke yangu sebuleni hadi mke wangu akaja kuchungulia kama niko salama.

Nikaona hapana, hii inastahili uzi wake.

Ninachosimulia ni kweli tupu. Shahidi namba moja yuko hapa anachambua maharage, na nikitia chumvi tu ananikatiza.

Basi bwana, mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Huko huko walikuwepo wapigania uhuru wa Afrika Kusini, na ndiko nilikompata Nomsa. Alitoroka kwao Soweto akiwa binti wa shule, hakumuaga hata mama yake mzazi.

Tukapendana. Tukafunga ndoa bomani, mashahidi wawili na kreti moja ya soda, shughuli ikaisha. Upande wake hapakuwa na mjomba wala shangazi, na angetoka wapi?

Mwaka 1995 tukahamia Johannesburg, moja kwa moja kwa mama yake. Walikuwa hawajaonana miaka kumi na saba.

Mama alimpokea mwanae kwa kilio, majirani wakajaa uani. Mimi alinipa mkono, akauondoa haraka, akatuonyesha chumba cha nje. Tangu siku hiyo jina langu likawa "yule wa Tanzania", hata nikiwa nimesimama hapo hapo.

Sasa wakuu, naomba mnielewe hapa maana ndipo kesi yote ilipo.

Kwa nilivyolelewa mimi, mama mkwe ni mtu wa kuogopwa. Humkazii macho. Mkikutana njiani unakaa pembeni apite. Huli mbele yake. Na jikoni kwake huingii, hata paa likiwaka moto utapiga kelele ukiwa nje.

Nikashika adabu zangu zote. Nomsa ananiletea sahani chumbani, nakula kimya. Mama akitoka uani, mimi nainamisha kichwa nateleza nyuma ya nyumba. Mwaka mzima! Nikawa najipongeza kimoyomoyo, huyu mama lazima anawasimulia wenzake kanisani kapata mkwe mwenye heshima.

Thubutu.

Mama ni mtu wa mjini, kazaliwa mjini, mambo hayo kwao waliyaacha zamani. Alichokiona yeye ni mwanaume anayejificha, hamtazami usoni na anakataa kukaa mezani kwake. Nomsa naye alidhani nina aibu tu. Na mimi sikuwahi kumweleza, kwa sababu kwetu vitu hivyo havielezwi, unazaliwa unavikuta.

Ikafika mwezi wa nane, mwaka 1996. Mama akaita kaka zake. Jumapili watakuja kukaa, waamue kama mimi ni mkwe wa nyumba ile au ni mpangaji tu.

Nomsa alinikalisha chini. Akaniambia, "Mwalimu, Mama akikukataa nitaondoka na wewe. Lakini nimemlilia yule mwanamke miaka kumi na saba. Naomba usinifanye niondoke mara ya pili."

Aisee, yale maneno yaliniingia. Nikasema lazima nifanye kitu.

Jumamosi yake Mama na Nomsa wakaenda msibani. Soweto Jumamosi ni siku ya mazishi, watu hutoka asubuhi wanarudi alasiri. Nikabaki peke yangu pale uani.

Wale mliosoma shule zetu za msingi mnajua mgeni rasmi akija inakuwaje. Uwanja unafagiliwa, mawe yanapangwa kando ya njia, na kila kitu kilichosimama kinapakwa chokaa nyeupe mpaka usawa wa kiuno. Mawe, nguzo ya bendera, miti yote. Na mwalimu wa kusimamia hayo kwenye shule yetu nilikuwa nani? Ni mimi hapa.

Nikapanda teksi hadi Mayfair. Kuna Msomali mmoja alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, aliishi Mombasa zamani, ndiye niliyekuwa naongea naye Kiswahili mpaka roho inatulia. Nikachukua mfuko wa chokaa na brashi, nikarudi mbio.

Nikafagia. Nikapanga matofali mshazari kutoka getini hadi mlangoni. Nikakoroga chokaa kwenye ndoo.

Sasa kwetu chokaa huwa tunaitia konzi ya chumvi ili ishike vizuri. Nikatafuta chumvi. Chumvi iko jikoni kwa Mama. Nikasimama mlangoni, nikaiona kabisa iko mezani pale, hatua nne tu, na nyumba haina mtu.

Nikashindwa kuingia. Mguu ulikataa wenyewe. Nikasema liwalo na liwe, naipaka hivyo hivyo.

Nikapaka matofali. Nikapaka nguzo za geti. Nikapaka mpichi uliokuwa karibu na bomba.

Kwenye kona, upande wa jua la mchana, kulikuwa na kamti kengine, kembamba, urefu unazidi kidogo kichwa changu. Mwezi wa nane ni baridi kali kule, hakana hata jani moja. Shinani kamefungwa tambaa kuukuu la blanketi. Nikasema jamani, uchafu huu wageni watauona! Nikafungua lile tambaa, nikalitupa. Gome la upande mmoja lilikuwa limepasuka pasuka. Nikafunga uzi kupima usawa, nikakapaka chokaa safi kabisa, mstari umenyooka kama wa ukaguzi.

Nikaoga, nikavaa shati jeupe, nikakaa kusubiri kusifiwa.

Mama aliingia getini akiwa bado na nguo za msiba. Akatazama matofali. Akatazama mpichi. Alipofika kwenye ile kona akaachia mkoba ukaanguka.

"Hhayi bo! Nani kakwambia uguse mti wangu?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza kitu moja kwa moja. Nami kwa heshima zangu nikatazama chini, sikujibu. Wakuu, hiyo ndiyo ilimmaliza kabisa.

Akachota maji, akachukua kitambaa, akaanza kusugua. Gome la ule mti ni jembamba, likaanza kutoka na chokaa. Nomsa akamshika mikono, "Mama acha, unauchubua!" Mama akaingia ndani akafunga mlango, tukamsikia analia.

Nami nilitaka ardhi ipasuke. Nikamuuliza Nomsa, ule ni mti gani? Hajui. Alipotoroka nyumbani haukuwepo.

Jumapili wajomba wakaja, watatu. Mkubwa wao tulimwita Malume Petrus, malume ndiyo mjomba kwao. Alifanya kazi ya bustani kwenye majumba makubwa ya kaskazini mwa jiji tangu kijana mpaka mvi.

Wakakaa uani, juani. Mama akafunguka kwa Kizulu, Nomsa ananitafsiria kwa sauti ya chini. Haingii ndani mwangu. Hali mezani kwangu. Hanitazami, kama vile mimi ni mchawi. Na jana kaupaka mti wangu rangi kama ukuta wa shule.

Yote kweli! Ningejitetea nini?

Malume Petrus akamwambia Mama, "Huyu anaujua ule mti ni wa nani?" Mama akatikisa kichwa. Basi mzee akanieleza mwenyewe, kwa Kiingereza cha taratibu.

Mama alikuwa mfanyakazi wa ndani kwenye nyumba moja yenye Japanese maple kubwa mbele ya mlango wa jikoni. Mwaka ule binti yake alipotoweka, aliokota mche uliojiotea kwenye mfereji wa maji machafu. Akaupanda kwenye kopo la jamu. Ukawa unakua, anauhamisha, kopo, ndoo, mpaka alipouleta Soweto. Kila siku akitoka kazini anaumwagilia na kuusalimia kwa jina la Nomsa.

Nilipogeuka kumtazama mke wangu, alikuwa amefunika uso kwa kanga. Mimi mwenyewe machozi yalinitoka, sioni aibu kusema. Nilikuwa nimempaka chokaa mke wangu mbele ya mama yake.

Mzee akainuka akaenda kuukagua. Akauzunguka. Akakwaruza tawi kwa ukucha, ndani kijani. Akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye chokaa, akakilamba!

Akaniita. "Hukutia chumvi?"

Nikashangaa kajuaje. Nikasema hapana, Malume, kwetu huwa tunatia, lakini jana sikupata.

"Jikoni hakuna chumvi?"

"Ipo, Malume. Ila ni jikoni kwa mama mkwe. Kwetu mkwe hawezi kuingia jikoni kwa mama mkwe wake."

"Kwa nini?"

"Ni heshima. Hata kula mbele yake siwezi. Wala kumkazia macho."

Malume Petrus akavua kofia, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashikilia mpichi wangu, akatoka na chokaa mkononi. Wale wajomba wawili wanauliza kuna nini, akiwaeleza kwa Kizulu nao wanaanguka.

Akamwambia Mama, "Dada, chumvi ingeliua hili shina. Heshima yake kwako ndiyo imeliokoa."

Kisha akaeleza. Ule mti gome lake ni laini. Baridi ya Johannesburg usiku inagandisha, halafu mchana jua linapiga upande ule ule, ndiyo maana ulikuwa unapasuka kila mwaka na Mama anaufunga blanketi. Weupe wa chokaa unarudisha jua. Yeye mwenyewe ujanani aliwahi kupaka hivyo kwenye mashamba ya matunda. Ila akanionya nisimwage mabaki ya chokaa chini, mizizi yake haipendi.

Mama alikuwa ananitazama tu. Akauliza polepole, kwa Kiingereza, "Mwaka mzima huli mezani kwangu kwa sababu unaniheshimu?"

Nikasema ndiyo, Mama. Nikiwa nimetazama chini, bila shaka.

"Eish," akasema. Alitaka kucheka nikamuona, akajizuia. Yule mama alikuwa na kiburi chake, hakubali kirahisi. Akatoa hukumu: tusubiri mti. Yeye kausugua, mimi nimeupaka. Ukitoa majani, wajomba watarudi na tutakaa kama familia. Usipotoa, atajua cha kufanya.

Wakuu, sijawahi kuuombea hata mtihani wa darasa la saba namna ile.

Kila asubuhi kabla ya kazi nauchungulia. Mpichi ukatoa maua yake ya pinki, unaringa. Jirani miti yake ikachipua. Ule wetu umesimama mkavu na soksi yake nyeupe. Nomsa akaanza kupunguza maneno. Mimi nikaanza kuwaza nitampeleka wapi, labda chumba cha kushea na Wakongo kule mtaa wa Berea.

Mama naye alikuwa anauchungulia dirishani. Siku mbili tulikutana pale pale kwenye kona, kila mtu akajifanya anaangalia geti.

Mwezi wa tisa ukiwa unaisha, niko chumbani nafunga kamba za viatu, nikasikia sauti uani.

"Mkhwenyana!"

Sikuitika. Sikujua kama ni mimi. Mkhwenyana ni mkwe, na mimi nilikuwa yule wa Tanzania.

"Mkhwenyana! Woza!"

Nikatoka na kiatu kimoja. Mama kasimama kwenye kona, mkono mdomoni. Kwenye kila ncha ya tawi kulikuwa na jani limejikunja, jekundu, dogo kama kiganja cha kichanga. Hata pale alipopasugua.

Nikasahau adabu zote, nikamtazama usoni. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Akanishika mkono, wakuu, akanivuta hadi jikoni. Nikagoma mlangoni kama mbuzi. Akanisukuma kwa nyuma! Akaniwekea kiti, pap, yaani ugali wao, na mchuzi wa nyanya, akakaa mbele yangu kuhakikisha nakula. Nilikula jasho linanitoka. Nomsa kasimama kwenye kizingiti anacheka mpaka anashika mbavu.

Tangu mwaka ule, kila mwezi wa nane Mama alikuwa ananitolea ndoo mwenyewe. Chokaa, bila chumvi.

Kwa hiyo mdau mwenye majani yaliyoungua, jibu lako hili hapa. Upe mti kivuli cha mchana, weka majani makavu shinani kutunza unyevu, na gome likipasuka paka chokaa. Majani yakipukutika wakati wa baridi usilie, haujafa.

Na somo langu ni kwamba heshima nayo ina haja ya kuelezwa. Mimi nilimheshimu mtu mwaka mzima na yeye akaumia mwaka mzima, kumbe dakika mbili za kuongea zingetosha.

Mwaka 2007 tulipata nyumba yetu, tukafunga mizigo. Nilimuogopea Mama siku ile, binti yake anaondoka tena. Akatoka jikoni na kopo la jamu, ndani yake mche wenye majani manne, aliuotesha mwenyewe kutoka kwenye mbegu za ule mti.

Akampa Nomsa. Kisha akanigeukia mimi.

"Mkhwenyana, mwezi wa nane unakuja kupaka wa kwangu kwanza, ndipo ukapake wa kwako."

Nikaenda. Naye akawa ameshanipikia.

Haya, wenye wakwe, zamu yenu. Tupeni na nyie mlivyoharibu, nasoma kila comment.