Hodi ya Gari

Yule muuza magari wa barabara ya Pangani hafungui boneti kabla hajajua mteja anaishi vipi. Huongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekwenda kumjulia hali mgonjwa, na kidole gumba chake hupapasa kifuniko cha tundu la kuchajia kama kinavuta tasbihi. Mwanasiti alimwendea akitaka haibridi, gari la mafuta na umeme, lile la kuchomeka ukutani. Akaelezwa betri, akaelezwa nyaya za nyumba. "Na nyumbani, dada yangu, unakaa na nani?" "Na mama. Haoni. Hushinda uani, akisikia injini husogea." Kidole kikatulia. Jamaa akaingia garini, akaliwasha bila mlio, akashusha kioo, na kabla hajapiga rivasi akapaza sauti ambayo Mwanasiti hakudhani anayo: "Hodi! Hodi jamani!" Paka akachomoka uvunguni. "Likitembea kwa umeme halisikiki," akasema, sauti imerudi chini. "Hodi yake ni wewe."

Jioni, kwao Muheza, Mwanasiti alifika langoni, akashusha kioo.

"Hodi, mama! Shikamoo!"

"Marahaba, karibu," mama akajibu kutoka uani. "Mbona umekuja kwa miguu? Gari hukupata?"