Koti la Tatu

Ukipita mitaani ukamuulizia kwa jina alilopewa na wazazi wake, utazunguka mpaka soli za viatu zilalamike. Muulizie Koti Mbili, na hata muuza vocha atakuonyesha kwake. Mafundi wa rangi huuita mpako mmoja wa rangi koti, na bwana huyu, tangu aliposhika brashi akiwa hana hata ndevu, hajawahi kuuacha ukuta na koti moja. Mwenye nyumba aliye mkono wa birika atamwambia, "Fundi, hapo panatosha, tuokoe rangi." Yeye atajibu kwa adabu zote, "Sawa bosi," kisha atapiga la pili bosi akienda kula.

Jambo moja tu hakuwahi kulisogelea, nalo ni kuchagua rangi. Mpangaji akimuuliza chumba kingependeza na rangi gani, atasema, "Muulize mwenye nyumba." Jirani akiuliza, muulize mwenye nyumba. Mafundi wenzake walimtania nalo hadi wakachoka. Kwake ukuta ni wa mwenyewe na rangi ni ya mwenyewe, cha fundi ni mkono tu.

Na mwenyewe hakuwahi kuwa yeye. Maisha yake yote ya ndoa alikuwa amepanga, vyumba viwili na bafu la kuchangia, kodi inapanda kila mwenye nyumba anapomwoza mtoto wake. Kwa hiyo siku mkewe, mpishi mkuu wa shule ya bweni ambaye mshahara wake unapitia benki, alipomwambia, "Baba watoto, tununue nyumba," Koti Mbili alicheka mpaka akakohoa.

"Kwa pesa ipi?"

"Ya benki."

"Benki watupe sisi?"

"Watanipa mimi. Wewe utasaini pembeni."

Walikwenda benki wamevaa nguo za harusi za watu wengine, maana yake zile walizoshonewa kwa ajili ya harusi hizo. Chumba kilikuwa cha baridi hadi meno yanagongana. Ofisa mikopo, kijana mpole mwenye tai iliyomkaba, aliwaeleza kwamba riba ya mkopo wa nyumba ni ya aina mbili: ipo isiyotikisika kwa miaka mitano ya mwanzo, na ipo inayopanda na kushuka kufuata soko.

"Hiyo ya pili imewahi kushuka?" Koti Mbili aliuliza.

Ofisa alitazama dari. "Huwa inashuka," alisema, kwa sauti ya mtu anayemtetea shemeji mlevi.

Wakachukua isiyotikisika. Kisha ofisa akawageuzia kioo cha kompyuta waone jumla watakayokuwa wamelipa mpaka mwisho, miaka kumi na mitano ikitimia. Koti Mbili alizifuata tarakimu kwa kidole, moja moja, akarudia tena.

"Kijana, hapa umetuandikia nyumba mbili."

"Hapana mzee. Ni moja. Hiyo nyingine ndiyo riba."

Koti Mbili alidhani atakasirika. Mimi ningekasirika, na wewe pia. Lakini kilichompata kilikuwa ni butwaa, na butwaa lenyewe lilikuwa tamu. Mtu ambaye muuza rangi hajawahi kumkopesha hata kopo dogo, leo jumba zima lenye ulinzi na vioo linamwamini mpaka mvi zimjae kichwani. Alitoka pale akitembea taratibu, akiogopa kwamba akikimbia watabadili mawazo.

Nyumba waliyoipata ilikuwa mwisho wa barabara ya vumbi, nyuma ya tangi la maji. Ilikuwa na vyumba vitatu na sebule yenye madirisha mawili yanayopokea jua la asubuhi, na geti lake lenyewe. Muuzaji alikuwa mzee mstaafu aliyekuwa karani wa bima, aliyefiwa na mkewe, anayehamia kwa binti yake. Kuta zilikuwa chafu kupindukia. Koti Mbili alisimama katikati ya sebule tupu, akakohoa kidogo, na ukuta ukamrudishia kikohozi chake. Alikohoa tena, makusudi.

Gharama za sheria ndizo zilizomharibia raha. Kuna upekuzi wa hati miliki, kuna ushuru wa stempu, kuna ada ya usajili. Kila mlango waliobisha ulifunguliwa na mtu mwenye risiti mkononi.

"Hebu nielewe," alimwambia mkewe. "Mthamini anatumwa na benki, tunamlipa sisi. Wakili wa benki tunamlipa sisi. Wakili wetu tunamlipa sisi. Yupo mtu pale ambaye hatumlipi?"

"Mlinzi wa getini," mkewe alijibu. "Na hata yeye alikuwa anatutazama vizuri."

Koti Mbili alitaka waachane na wakili wao wenyewe. Si mkataba umeshaandikwa na wakili wa muuzaji? Mkewe alichukua akiba ambayo mumewe alikuwa akiiwekea mashine ya kupulizia rangi, akaenda kumlipa nayo wakili, msichana wa rika la kifungua mimba wao, anayesoma karatasi polepole huku akigusa kila mstari. Aliusoma mkataba wote, akaomba sentensi kadhaa ziongezwe, akawaambia wasaini. Koti Mbili alinuna njia nzima.

"Mashine yangu yote imekwenda kwenye sentensi!"

Mthamini naye akaja na kamera yake akapiga picha kila ukuta. "Anapiga picha uchafu," Koti Mbili alinong'ona. "Na uchafu wenyewe tunaulipia."

Mkataba ukasainiwa, arbuni ya kutanguliza ikalipwa, nayo ilikuwa akiba yao yote iliyobaki. Benki ikawapa barua: riba waliyopewa itashikiliwa mpaka mwisho wa mwezi unaofuata, mradi nyumba iwe imehamishwa. Ikipita hapo itahesabiwa riba mpya, na kila mtu alijua riba mpya inapanda. Ikipanda hata kidogo, mshahara wa mpishi hautoshi na benki inajitoa. Walikuwa wamesimama ukingoni, na walilijua hilo.

Sasa sikia alichokifanya. Mzee mstaafu, kwa wema wake, alimpa ufunguo akapime madirisha kwa ajili ya mapazia. Koti Mbili alipima. Lakini zile kuta zilikuwa zinamtazama. Mtu mwingine angefunga mlango akaenda zake. Yeye alirudi kesho yake na ngazi, ndoo na msasa, akijiambia ni sebule tu. Aliziba nyufa, akasugua, akapiga rangi ya maziwa, ile ambayo wenye nyumba wote huiagiza. Alipiga koti la kwanza, akalisubiri likauke, akapiga la pili. Jua la asubuhi lilipoingia, sebule iliwaka. Aliyafungua madirisha ili harufu itoke, akakaa sakafuni, machozi yakimlengalenga kwa furaha.

Madirisha yale yaliyo wazi ndiyo yaliyomponza. Bwana mmoja mwenye gari zuri alipita na mkewe, wakachungulia, wakapenda walichokiona, wakamtafuta mstaafu na kumtajia bei iliyomfanya akae chini. Wema wa mzee ukayeyuka. Wiki haikuisha ikaja barua kutoka kwa wakili wake: mnunuzi ameingia na kufanya matengenezo kabla ya nyumba kuwa yake, jambo ambalo mkataba unalikataza. Ama aongeze bei, ama mkataba uvunjwe na arbuni ipotee.

Mkewe aliisoma akiwa amesimama, aproni ya shule bado kiunoni.

"Ulipewa ufunguo upime madirisha."

"Nilipima."

"Halafu?"

Koti Mbili aliangalia viatu vyake. Aibu ilimshika hadi masikio yakapata moto. Angegombezwa angepona, lakini mkewe hakugomba. Alikaa kitandani akaikunja ile barua, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kiganjani mwake. "Nimepika uji wa watoto wa watu miaka yote hiyo," alisema, na hakumalizia.

Kesho yake walikuwa kwa wakili. Yule binti alisoma barua, akavua miwani.

"Baba yangu, hili umelifanya kweli?"

"Koti mbili," alisema, na kwa mara ya kwanza maishani alilisema bila kujivuna.

"Basi umekosa. Mkataba unakataza na umesaini." Akafunua ukurasa, kidole kikashuka taratibu mstari kwa mstari, kikasimama. "Lakini hapa niliomba waongeze. Upande wowote ukikosea kosa linalorekebishika, hauvunjiwi mkataba kabla ya kupewa wiki mbili za kurekebisha. Swali ni moja. Linarekebishika?"

"Rangi haifutiki, mwanangu."

"Sijasema uifute. Inatakiwa nyumba iwe kama ilivyokuwa siku mliposaini."

"Kama ilivyokuwa," Koti Mbili alisema polepole. "Chafu?"

"Chafu."

"Na nani anakumbuka ilivyokuwa?"

Wakili alivuta droo, akatoa ripoti ya mthamini. Ilikuwa pale yote, ukuta baada ya ukuta, picha za rangi, kila doa mahali pake. Koti Mbili alizishika zile karatasi kwa mikono miwili. Hizi ndizo alizozilaani! Alimtazama yule binti, akaitazama ile sentensi fupi iliyokula mashine yake, akahisi kitu alichozoea kukihisi mbele ya majengo makubwa tu. Mtu alikaa kwenye kiti, akawaza ujinga ambao mteja wake angeweza kuufanya kabla mteja mwenyewe hajauwaza, akaujengea ukuta.

Mstaafu hakuwa na hila ya kuwazuia. Alikuja kila siku na kiti chake, akaketi sebuleni, mikono kifuani, aone hiyo sarakasi.

Na sarakasi ilikuwapo. Fundi ambaye hajawahi kuharibu ukuta alipiga koti la tatu, la uchafu. Alikoroga masizi na majani ya chai, akachanganya kwenye rangi iliyopauka, akabandika kwa sponji, akavuta kwa kitambaa. Alichora mchirizi wa kutu chini ya msumari. Nyufa alizoziba alizifungua upya kwa ncha ya bisibisi, na kila alipoufungua mmoja meno yalimuuma. Aliacha umbo jeupe la pembe nne pale kabati la mzee lilipokuwa. Kando ya swichi ya taa, chini kidogo ya mahali ambapo mkono wa mtu mzima hufika, picha ilionyesha doa jeusi la mafuta. Alilipapasa kwa kidole gumba mpaka likakaa.

Kiti kililia nyuma yake. Mzee alikuwa amesimama.

"Hapo," mstaafu alisema, "mama yao alikuwa anazima taa kila usiku. Alikuwa mfupi." Alisogea karibu, akanyoosha mkono bila kuligusa. "Ulipopaka rangi nilikasirika sana, fundi. Nikadhani ni kwa sababu ya pesa."

Koti Mbili alipisha, akamvutia kiti karibu.

Bwana mwenye gari zuri alikuja kabla ya wiki mbili kuisha, kulipa. Alisimama mlangoni, akatoka nje akahakikishe namba ya nyumba, akaingia tena. "Mzee, hii siyo nyumba niliyoiona mimi."

"Ndiyo yenyewe," mstaafu alisema, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Ile uliyoiona ilikuwa ya fundi."

Bwana yule hakurudi. Mstaafu akasaini uhamisho. Karatasi zikapita kwa wakili, zikapita kwa msajili, zikafika benki siku chache kabla ya mwezi kukatika, na riba ikabaki pale pale ilipoahidiwa. Ofisa mwenye tai aliwapa mikono yote miwili. Hati miliki yenyewe ilibaki kabatini mwa benki, na itakaa humo mpaka deni liishe, lakini waliruhusiwa kuiona. Mkewe aliuona mstari wenye majina yao wawili, akaufunika kwa kiganja muda mrefu.

Asubuhi ya kwanza Koti Mbili aliingia na ngazi yake, ndoo zikiwa tupu. Ule uchafu ulikuwa pale pale, kazi ya mkono wake. Alizunguka na kipimo kwanza, akalizungushia lile doa la kando ya swichi mraba mdogo wa penseli. Mzee alikuwa ameomba alipige picha kabla halijafunikwa, na Koti Mbili alikwisha amua kwamba halitafunikwa. Kisha akapanda, akaanza kukwangua juu.

Mkewe alikuja na chai, akaegemea mlango. Alizitazama kuta zote nne kwa zamu.

"Sasa, humu utapiga rangi gani?"

"Muulize mwenye nyumba," alijibu bila kugeuka, mkono ukiendelea kukwangua.

Aliendelea kidogo, halafu mkono ukasimama wenyewe.

"Ndiyo nakuuliza," mkewe alisema.

Koti Mbili alishuka ngazi, akaketi sakafuni na kikombe chake, akaanza kufikiri.