Mwezi wa Tisa wa Kasiani

"Goti gani hilo lisiloisha uchumba? Toka mwezi wa tatu tunalibembeleza tu, utafikiri bibi harusi!"

Aliyekuwa anafoka ni kocha Revelian, kasimama mlangoni kwa watu hapo Boko, Jumamosi asubuhi, hodi yenyewe haijajibiwa. Anayefokewa ni Kasiani, winga wa Kokoto Stars, kakaa chini kwenye mkeka, kipande cha mpingo kakibana kwa nyayo mbili, anachonga. Kesho yake ilikuwa fainali na watu wa Wazo, zawadi mbuzi.

"Kocha, shikamoo kwanza," akasema Bernadeta, dada yake Kasiani, bila kuacha kupiga msasa kinyago.

"Marahaba. Mwambie mdogo wako kesho avae viatu."

"Goti lake bado linavimba jioni."

"Hata mie navimbaga jioni, mbona kazini naenda? Daktari alisema nini? Si ulikuwepo, Bernadeta? Mwezi wa tisa ndo atagusa mpira. Haya, leo mwezi wa ngapi?"

Bernadeta akazidisha msasa. Ndivyo daktari alivyosema, wote watatu walisikia. Mwezi wa tisa. Na nje huko ilikuwa Septemba tayari, vumbi na jua kali.

Kasiani alikuwa na miaka ishirini na sita, kwao Newala. Kuchonga kafundishwa na baba yake, mpira kajifundisha mwenyewe. Mguu wake wa kushoto ulijulikana kuanzia Boko mpaka kiwanda cha saruji. Akiupata mpira pembeni, wauza miwa wanaacha mashine zinazunguka peke yake. Halafu mwaka jana beki mmoja wa Wazo akamkalia gotini. Goti likawa linakwama njiani kama mlango wenye bawaba mbovu, linajifunga, linajifungua. Hospitali wakamwambia gegedu limechanika.

"Gegedu ndo nini?" akauliza.

"Ile nyeupe laini mwisho wa mfupa wa kuku, ile unayotafuna," daktari akamjibu. "Na wewe unayo. Yako imetoka kipande." Mwezi wa tatu mwaka huu wakamtoboa mfupa vitundu vidogo vidogo ili gegedu jipya liote. Akaonywa kwamba maumivu yataisha kabla gegedu halijakomaa, asije akadanganyika.

Kosa lake Kasiani ni kulitaja hilo neno kijiweni. Gegedu! Na vijana wa mjini neno hilo wanalisikia na maana nyingine, ya chumbani. Walicheka mpaka mmoja akadondoka kwenye benchi. Kuanzia siku hiyo jina la Kasiani likafa. Akipita na magongo yake, "Gegedu, limeota?" Akinunua vitumbua, "Mpe Gegedu, ana mgonjwa wa kulisha." Hata watoto wa shule wakawa wanamwamkia, "Shikamoo Gegedu," halafu wanakimbia, maana wanajua hawezi kuwafukuza.

Miezi sita hiyo kafunga mfuko wa mchanga mguuni, kanyanyua, kashusha. Kaendesha baiskeli iliyogeuzwa juu ya matofali, haiendi popote. Shida yake haikuwa mbuzi. Alitaka pale uwanjani watu waite Kasiani. Basi.

"Nitacheza," akamwambia kocha.

Jumapili saa tatu timu ikaingia kambini nyumbani kwa mwenyekiti. Kokoto Stars wana utaratibu wao: siku ya fainali simu zote zinaingia kwenye kiroba, kiroba anakaa nacho kocha, maana mwaka juzi golikipa aliachwa na demu wake kwa meseji saa tisa, saa kumi akafungwa manne. Kasiani akatumbukiza yake.

Saa kumi mpira ukaanza. Revelian alimweka benchi kipindi cha kwanza, cha pili akamnyooshea kidole. Watu wa Wazo walipomwona tu wakaanza kuimba, "Gegedu! Gegedu!" na makopo wanapiga.

Akaanza taratibu. Mpira wa kwanza akaurudisha nyuma. Wa pili akampita mtu. Wa tatu akapita wawili, akasimama, akawasubiri, akawapita tena. Makopo yakanyamaza. Dakika ya sabini akatia krosi ambayo Isack aliigusa tu kwa kichwa, bao, na upande wa Boko mama mmoja muuza karanga akapayuka, "Kasianiii! Mwanangu Kasiani!" na wengine wakalidaka hilo jina. Goti halikuuma hata kidogo. Alikimbia kurudi kati huku anacheka peke yake.

Dakika tatu baadaye akageuka ghafla, hakuna hata mtu aliyemgusa. Mguu ukabaki, yeye akageuka. Kililia kitu, tak, kama patasi inavyokatika ndani ya mpingo.

"Gegedu limetoka kutembea!" akapiga kelele mtu wa Wazo, na uwanja mzima ukacheka, na wa Boko nao wamo.

Refa akaonyesha mchezo uendelee. Wakamburuta kwa kwapa mpaka nyuma ya goli, wakamlaza mchangani, wakarudi kukaba. Kokoto Stars ikalinda bao lake mpaka filimbi.

Bernadeta akafika mbio, kanga mkononi.

"Si nilisema usiingizwe! Si nilisema!"

"Ulisema lini?"

"Felicitas, yule dada wa mazoezi hospitali, tumekutana kanisani. Nikamwambia leo unacheza. Kashika kichwa! Mwezi wa tisa toka siku ya kupasuliwa, Kasiani. Sio Septemba. Ni Desemba! Nikakupigia simu saa nane, akapokea kocha. Nikamweleza yote. Kasema sawa, nimekusikia."

Revelian alikuwa anakuja, kajifunga skafu ya timu kichwani, jasho na furaha.

"Kocha," Kasiani akamwita. "Dada alikwambia?"

"Aliniambia."

"Saa nane?"

"Saa nane, kikosi nshapanga." Akachuchumaa, akalitazama goti linavyojaa, akalibonyeza kwa kidole kama mtu anayechagua embe. Kasiani akang'ata kanga. "Sasa ningekwambia ili iweje? Ungecheza na woga. Mie nilikuondolea woga, dogo. Umeona ile krosi? Yule aliyepiga ile krosi hakuwa na woga."

"Kocha una roho mbaya wewe," Bernadeta akasema, analia.

"Roho mbaya, lakini nina mbuzi."

Kasiani hakuwa anawasikiliza. Alikuwa anahesabu kwa vidole, Septemba, Oktoba, Novemba.

"Kocha. Sasa hiyo Desemba nitacheza?"

Revelian akamwangalia vizuri, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Desemba ya mwaka gani?"

Isack akatokea upande wa pili wa goli anahema. "Kocha! Mbuzi wanataka kumchinja hapahapa, na Mwislamu wa kuchinja hajapatikana. Wanamtafuta beki wetu Gozbert, na Gozbert Mkatoliki!"

"Wasimguse!" Revelian akainuka, akajipangusa mchanga magotini. "Mnaona watu hawa? Nyama yote itakuwa haramu, nusu ya timu ilale njaa." Akamgeukia Kasiani. "Wewe kaa hapohapo, usiondoke."

Akaondoka anakimbia kumwokoa mbuzi.