Bingwa Asiyetambuliwa na Bima

Daktari yule nilimchukia kabla hajanikosea, kwa namna alivyozungumza na baba yangu huku akichezea simu. Baba ni mkulima wa mananasi Kiwangwa, mtu na heshima zake. Miguu ilipoanza kumvimba na pumzi kumwishia, nilimleta kwangu Bagamoyo, ninakofundisha shule ya msingi. Kwenye bima yangu ya afya yeye ni mtegemezi, na hospitali binafsi ya karibu ilikuwa imetundika kibao: daktari bingwa wa moyo, bima zinapokelewa.

Tulihudhuria miezi kadhaa. Miguu ilizidi kuvimba. Nikiuliza, daktari ananijibu, "Mwalimu, dawa si uchawi," na baba anacheka naye. Alimpenda mno. Mtu kasoma ng'ambo, vyeti vimejaa ukutani, kuna nini tena?

Asubuhi moja binti wa mapokezi alinirudishia kadi. "Dada, bima wamekataa. Wanasema hawamtambui daktari kama bingwa. Kwao ni daktari wa kawaida tu."

"Na siku zote hizi?"

Akainamia kompyuta yake.

Nilimwacha baba kwenye benchi, nikaingia bila hodi. Daktari alikuwa anakunywa chai.

"Ubingwa wako umesajiliwa wapi?"

"Nani kakuruhusu kuingia?"

"Nimeuliza swali."

Akaweka kikombe chini. "Mimi nasoma moyo, wewe unaimbisha watoto a, e, i, o, u. Usajili wangu unashughulikiwa. Hao wa bima ni makarani tu."

"Basi ungeandika hivyo kwenye kibao. Unashughulikiwa."

"Toka nje, mama. Mgonjwa ni mzee, si wewe."

Mpaka leo sijui kama kweli alisoma huko alikosema. Huenda alisoma. Siku ile sikujali.

Baba alitokea mlangoni, kashika ukuta, anahema. Nilidhani amekuja kusimama upande wangu.

"Mwanangu, mwombe daktari radhi."

"Simwombi, baba."

"Ndivyo nilivyokulea?"

Nilimshika mkono nikamtoa. Daktari akatufuata mpaka mapokezi, akitangaza mbele ya wagonjwa kwamba mzee akifa asilaumiwe yeye. Nami nikamjibu, mbele ya hao hao, maneno ambayo mwalimu hatamki.

Hospitali ya serikali tulikaa foleni mpaka adhuhuri. Daktari wa huko, mwanamke aliyechoka, asiyetabasamu, alimvua baba viatu, akambonyeza miguu, kisha akazikagua dawa zake zote.

"Hii ya presha inachangia kukuvimbisha," akasema. "Na ya kupunguza maji mwilini hukupewa?"

Alibadilisha. Baada ya wiki chache baba alikuwa anavaa viatu vyake mwenyewe na kulala bila kuegemezwa mito.

Shukrani sikuziona. Msikitini aliwaambia wenzake kwamba dawa za bingwa zilichelewa tu kufanya kazi, na kwamba binti yake kamvunjia msomi heshima. Kaka yangu akanipigia simu kuniambia ualimu umenipanda kichwani. Nikamwambia aje amuuguze yeye. Hakuja.

Kisha tukasikia daktari ameondoka hospitali ile, amefungua chumba chake Msata, kibao kipya, neno bingwa lile lile. Baba akaoga, akavaa kanzu.

"Naenda Msata."

"Kufanya nini? Umepata nafuu."

"Kumwona daktari wangu."

"Panda gari, baba. Mimi sikupeleki."

Akapanda. Alirudi alasiri na mfuko wa dawa, uso umemkunjuka kama mtu aliyetoka harusini. Niliufungua mbele yake. Kidonge cha presha kilikuwa kile kile. Nilikwenda chooni, nikavimwaga vyote, nikavimwagia maji. Alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Bado mimi," akasema. "Unimwage na mimi."

Nilimwaga maji tena. Sikujuta hata kidogo.

Ramadhani iliingia tukiwa hatusemezani. Kila magharibi nilimpelekea futari chumbani kwake, uji, tambi, muhogo wa nazi. Alikula, akanywa na dawa za yule mwanamke wa serikali, kisha akaisukuma sinia mpaka mlangoni kwa mguu, niiokote.