Mchango Si Sadaka

Siku ile naikumbuka kwa sababu ya aibu yake, mwanangu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la stesheni ya treni ya Norsborg, mwisho kabisa wa njia nyekundu, begi la nguo za kazi mapajani, na kazi yenyewe sina.

Juzi uliponiambia kampuni yenu imewaachisha, ukamalizia na Kiswidi chako, "Jag vill inte leva på bidrag," hutaki kuishi kwa misaada, nilicheka. Usinikasirikie. Nilijicheka mwenyewe, maana maneno hayo niliyasema kabla hujazaliwa.

Nilikuwa nasafisha shule moja Tensta, mwaka wangu wa sita kazini. Kampuni ikapoteza zabuni, tukarudishwa nyumbani na maua mkononi. Maua! Wenzangu wa kanisani wakaniambia niende sosho, ofisi ya ustawi wa jamii. Sisi watu wa Uvira na Bujumbura kila pesa ya kukosa kazi tunaiita sosho, hatutofautishi, na mimi nilikuwa na kiburi cha msichana aliyesomeshwa na masista. Niliapa sitaomba. Kila asubuhi nilitoka nyumbani Bredäng nimevaa kama mtu wa kazi ili dada yako asijue, nikapanda treni mpaka mwisho, nikarudi, nikaenda tena. Wiki saba! Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na mimi nilificha kwa bidii.

Mshahara wa mwisho ulipokwisha, kiburi nacho kikalegea. Siku hiyo begini nilikuwa na fomu ya sosho, nimeshaijaza. Ilitaka nitaje akiba yote, na sheria yao ni kwamba akiba yako uile kwanza ndipo wakusaidie. Akiba yangu ilikuwa nauli ya bibi yako, aje amwone mjukuu wake kabla macho hayajamwisha. Niliishika ile fomu nikalia.

Ndipo akaja Mama Bukuru, Mrundi mtu mzima aliyekuwa akisafisha mabehewa pale.

"Weye," akasema, "leo ni mara ya tatu nakuona hapa. Treni haiendi mbele zaidi."

Nikamweleza yote. Akaisoma fomu, akanikazia macho.

"Na a-kassa, ile bima ya kupoteza kazi? Hukuwa unalipa?"

"Nilikuwa natoa mchango kila mwezi, Mama. Watu wa chama cha wafanyakazi walitusainisha kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Lakini miye siko muombaji."

"Ulikuwa unatoa nini?"

"Mchango."

"Kanisani kwenu mtu aliyechanga kila mwezi akifiwa, mkimpelekea bahasha, munamwita muombaji?"

Nikaitazama tena ile fomu.

"Basi simama. Hiyo ya sosho ni ya mtu ambaye hana pengine pa kushika, na huyo si wa kuchekwa. Yako iko a-kassa. Unamwachia nani?"

Niliichana ile fomu palepale. Pale ofisi ya kazi, anakoanza kujiandikisha kila anayedai a-kassa, kijana wa kaunta aliniuliza kama nimekuja kuomba bidrag. Nikamjibu kwa Kiswidi changu cha kuchechemea, kwa sauti iliyogeuza vichwa vya watu: "Nej. Jag har betalat." Hapana. Nimelipa. Na kweli nilipewa changu, na nauli ya bibi yako haikuguswa. Alikuja, akakaa sebuleni hapa akilalamikia baridi mwezi wa sita. Ila siku huhesabiwa kuanzia ulipojiandikisha. Zile wiki saba za kupanda treni sikulipwa mpaka leo, na bado zinaniuma.

Basi nakuambia bila kuzunguka. Kesho, kabla ya chai, jiandikishe ofisi ya kazi, kisha udai a-kassa, maana umechanga. Wakikuweka kwenye mafunzo, kuna posho yake. Ipokee, usijifanye umeshiba. Na vyote vikikauka, nenda sosho kichwa kikiwa juu vilevile. Kodi ya mama yako imo humo, na jasho la Mama Bukuru pia. Nchi hii tumeifagia sisi, tumeosha vyoo vyake na kuwageuza wazee wake vitandani. Asitokee mtu, Mswidi au wa kwetu, akakufundisha kuona haya. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ila soma kila karatasi uone ni mlango upi wako, usije ukaomba sadaka mahali ulipoweka mchango.

Mungu akulaze salama, akuamshe mapema, na kabla ya kukupa kazi nyingine akupe shingo ngumu. Viatu vyangu nimeshaviweka mlangoni. Tunakwenda wote.