Petroli ya Mama Honi

Fundi makochi hakuwa mtu wa maneno. Kazi yenyewe ilimzuia. Mtu anayeshika misumari kwa midomo, akiitoa mmoja mmoja na kuigongomea kwenye mbao, ataongea saa ngapi? Mtaani walimwita Mzee Misumari. Akisalimiwa, aliinua nyundo. Akiulizwa kazi itakuwa tayari lini, alionyesha vidole. Mengine yote aliyasema mkewe.

Mkewe walimwita Mama Honi. Ndiye aliyekuwa dereva. Mume alifunga springi, akajaza sponji, akavuta kitambaa mpaka kikakaza kama ngozi ya ngoma. Mke alipakia makochi kwenye pikapu na kuyapeleka kwa wenyewe. Pikapu hiyo alikuwa nayo tangu ujana wake. Aliijua kukohoa kwake na kununa kwake. Siku moja misumari ilipokuwa haimo mdomoni, fundi alisema, "Hilo si gari. Huyo ni mume mwenzangu." Mama Honi alicheka mpaka akashika mbavu, na tangu hapo pikapu ikawa na jina.

Wakitoka kupeleka kazi, fundi alikaa kiti cha abiria. Mlango ukishafungwa tu, usingizi. Miaka yote hiyo hakuwahi kuona kituo cha mafuta walichojazia, wala hakuuliza. Alisikia kwa mbali, kama mtu aliyezama majini, mkewe akiongea na mtu dirishani. Halafu gari likaondoka. Halafu kilima.

Kilima hicho watu walikiita Kilima cha Toba. Hata wasiosali walimtaja Mungu wakifika katikati yake. Lori lililoshiba lilikipanda likilia. Lakini Mama Honi alikipanda na makochi yake kama anayekwenda sokoni, na alipofika juu kabisa alipiga honi moja ndefu. Fundi akagutuka.

"Tumefika?"

"Tumefika, mume wangu. Leo umeendesha vizuri."

Kisha Mama Honi akaugua, na ugonjwa haukukaa sana. Akaenda. Nyumba ikabaki na sauti ya nyundo tu, na siku nyingine hata nyundo haikusikika.

Pikapu ilikaa uani chini ya turubai. Fundi alipita pembeni yake kama mtu anayepita karibu na mgeni asiyejua amwambie nini. Mpaka mama mwenye nyumba ya wageni, ile iliyo juu ya kilima, alipopiga simu.

"Mzee, nakupa pole tena. Lakini viti vyangu nilimwagiza marehemu. Wageni watakaa sakafuni mpaka lini?"

Alimwagiza marehemu. Neno hilo lilimwamsha fundi. Alivitengeneza viti vile kama vile mkewe angekuja kuvikagua kwa kuvikalia, kama ilivyokuwa desturi yake, akirukaruka juu yake. Vilipokuwa tayari alivua turubai, akapakia, akatafuta leseni yake chini ya kabati. Kuendesha alijua. Alikuwa amekosa nafasi tu.

Petroli alijaza kituo cha kwanza alichokiona, ile ya kawaida, kwa kuwa bomba lake ndilo lililokuwa karibu.

Kilimani pikapu ilianza kugonga. Ko-ko-ko, kama kokoto ndani ya debe. Ikapungua nguvu. Ikasimama. Fundi akakanyaga breki, gari likamrudisha nyuma polepole mpaka gurudumu likaingia mtaroni. Wanawake waliokuwa wakishuka na ndoo wakamtazama.

"Babu," mmoja akauliza, "unapanda au unashuka?"

Kama fundi angekuwa na misumari mdomoni angeimeza.

Gari lilipovutwa mpaka gereji, fundi magari alifungua boneti, akasikiliza, akafunga. "Gari zima hili. Unalinywesha nini?"

"Petroli."

"Najua si uji. Petroli gani?"

"Ya petroli."

Fundi magari akajifuta mikono. "Mzee wangu, injini hii niliifunga mimi kwa ajili ya mama. Alitaka ya kupandia kilima na mizigo. Nikamwambia, ukitaka nguvu hiyo, ya kawaida uisahau, uipe supa. Akakubali. Ukiipa ya kawaida itagonga mpaka ijiue."

Basi ni supa. Lakini supa ya wapi? Vituo vya mafuta vilikuwa tele, na fundi alifanya kosa la kuuliza kinyozini.

"Nenda chenye bendera," alisema kinyozi. "Mimi pikipiki yangu haijawahi kuonja kwingine."

"Ndiyo maana inasukumwa kila asubuhi," alisema mteja aliyekuwa na povu kichwani. "Mzee, cha kona. Hapo hata marehemu babangu alijaza."

"Na babako aliishia wapi? Kwa miguu!"

"Mafuta ni mafuta," alisema mwingine. "Meli moja, bomba moja. Hawa wanashindana rangi ya ukuta."

Walibishana kama watu wa timu mbili zilizotoka sare. Fundi akaondoka kimya na uamuzi wake. Gari la mkewe halitakunywa mahali pabaya. Atalipeleka kwenye kituo kizuri kuliko vyote, kile kipya cha vioo, chenye paa jeupe na maua kwenye ndoo, ambako wahudumu huvaa glavu. Aliona ni heshima kwa marehemu. Akajaza supa. Hapakuwa na foleni. Hilo nalo akalipenda.

Lakini uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Safari hii pikapu haikugonga. Ilifika nusu ya kilima, ikakohoa, ikakatika pumzi, ikazima kabisa. Ikamrudisha mtaroni palepale. Kiti kimoja kikavunjika mguu.

Jioni hiyo binti yake akafika. Alikuwa mshonaji wa nguo za wanafunzi, ameolewa mbali kidogo, na habari mbaya zilimfikia kabla ya basi. Alikuta baba yake anautia gundi mguu wa kiti.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba."

"Nimemzika mama," binti akasema. "Sitaki kuzika wawili. Mume wangu amempata mtu wa kulinunua gari. Analivunja, anauza vipuri. Anakuja Jumamosi."

Fundi akaendelea kufunga kamba kwenye mguu wa kiti. Alifunga, akafungua, akafunga tena. Kamba haikuwa na kosa.

"Usimvunje mume mwenzangu," akasema mwishowe.

Binti alitaka kucheka, machozi yakamlengalenga. "Baba, mara mbili limekurudisha nyuma. Siku ya tatu hakuna mtaro, kuna korongo."

"Nipe safari moja. Na wewe uwemo."

"Niwemo?"

"Likishindwa, mwambie aje Jumamosi."

Binti akamtazama sana. Baba yake hakuwa amesema maneno mengi hivyo tangu msiba. "Moja, Baba."

Asubuhi fundi magari alikuja uani akanyonya petroli ya kituo cha vioo, akaitia nyingine ndani ya chupa, akaiinua juani. Chini kabisa palikuwa na utando wa maji.

"Umeona? Pale wanunuzi wa supa wachache. Inakaa tangini kwao kama maji ya mtungi wa mgonjwa. Inachuja nguvu, inaingia maji. Supa unataka pale inapokwisha kila siku, iwe mbichi."

"Ni wapi?"

"Mama alikuwa na pake. Nilimwuliza. Akaniambia, mpishi hataji duka lake."

Wote wawili wakatikisa vichwa. Ni yeye kabisa huyo.

Fundi magari akatia petroli safi kidogo ya kufikia kituo, akaondoka. Mzee Misumari hakwenda kwenye usukani. Aliingia kiti chake cha abiria, kile kilichoshuka mahali alipokaa yeye, akaegemeza kichwa kwenye dirisha kama zamani. Kulikuwa bado na harufu ya mafuta ya nywele ya mkewe kwenye kiti cha dereva. Akafumba macho ili asilie. Na alipofumba tu, masikio yakafunguka.

Bumpu mbili za barabarani zilizoshikana. Msumeno wa mbao. Mtu anajaza upepo matairi, psss, psss. Halafu pampu inayolia kama mlango wa banda la kuku. Halafu sauti ya mtu dirishani: *Ile ile, Mama?* Na ya mkewe: *Ile ile.* Halafu kilima.

Hakuwahi kuiona njia hiyo. Lakini alikuwa amelala juu yake maisha yake yote.

Akatoka akimwita binti. "Wewe endesha. Mimi nitalala."

"Baba, huu ni wakati wa kulala?"

"Endesha. Usiniambie tuko wapi."

Viti vikapakiwa. Binti akashika usukani, baba akafumba macho. Kwenye kituo cha bendera fundi alisikia muziki wa kelele. "Siyo." Kwenye cha kona alisikia mahubiri ya redio na honi za mabasi. "Siyo."

"Vizuri vimekwisha, Baba. Kimebaki kile cha nyuma ya mashine za mbao. Kichafu hicho. Kimejaa malori."

Fundi alikuwa amekipita mara nyingi siku hizi na kukigeuzia shingo. Rangi imebambuka. Paa limeinama upande mmoja.

"Nenda."

Bumpu. Bumpu nyingine, imeshikana na ya kwanza. Mgongo wa fundi ukaitambua kabla ya akili. Msumeno ukapiga kelele kulia kwake. Psss, psss. Gari likaingia foleni, likasogea, likasimama, likasogea. Fundi akashika goti lake kwa nguvu. Pampu ikalia kama mlango wa banda la kuku.

Hatua zikaja mbio mpaka dirishani.

"Mama Honi! Umetutupa jamani! Ile ile?"

Fundi akafumbua macho. Dada wa pampu, mwenye kofia iliyofifia, alikuwa ameinama dirishani akimwangalia binti, mdomo wazi.

"Samahani," akasema. "Nimeona pikapu nikadhani... Mama yuko wapi?"

Binti akamgeukia baba yake. Ndipo Mzee Misumari akajisogeza mbele.

"Ametangulia," akasema. "Mimi ndiye yule anayelala."

Dada wa pampu akaweka mkono kifuani. Malori yakapiga honi nyuma, yeye hayasikii. Kisha akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Pole, Baba. Alikuwa akiniambia nisikuamshe. Anasema, huyo ndiye anayetulisha, acha alale." Akapiga ngumi ubavu wa pampu, ikalia. "Supa hapa haikai. Malori madogo yote ya kilimani yanakunywa hapa, lazima yapande. Yeye alikuwa anasema, usitazame rangi ya kituo, tazama foleni. Na siku lori la mafuta linashusha alikuwa hajazi. Anasema takataka za chini zimekorogwa, nitarudi kesho. Leo hawajashusha. Basi, nijaze ipi?"

"Ile ile," akasema fundi.

Pampu ikalia mpaka tangi likajaa. Fundi akazunguka, akafungua mlango wa dereva. "Sogea."

"Baba..."

"Safari ni yangu. Ulinipa."

Binti akasogea. Akajifunga mkanda, akashika dashibodi kwa mikono yote miwili.

Kilima cha Toba kikaanza. Fundi akashusha gia. Wale wanawake wa ndoo walikuwa wanashuka, na yule mwenye maneno akamtambua. "Babu! Leo unapanda au unashuka?"

Mtaro ukafika. Ndani bado palikuwa na alama ya gurudumu lake. Binti akafumba macho kabisa. Fundi akasikiliza. Hakuna kokoto. Hakuna kikohozi. Kulikuwa na mngurumo mmoja mzito, ulioshiba, na fundi akaujua: ni ule uliokuwa ukimbembeleza usingizi. Akakanyaga mafuta. Pikapu ikaitika. Mtaro ukabaki nyuma, viti vikalia kwa furaha kwenye kamba zao, na kwenye kioo aliwaona wanawake wameweka ndoo chini wanapiga vigelegele.

"Napanda!" akapiga kelele Mzee Misumari kupitia dirishani. Mtu wa kuinua nyundo. "Napanda, mama zangu!"

Kona ya mwisho. Kilele. Anga tupu mbele ya kioo.

Fundi akaweka kiganja katikati ya usukani, pale palipochubuka kwa kiganja cha mwenzake, akabonyeza. Honi moja, ndefu, ikaenda bondeni ikarudi.

Mlango wa nyumba ya wageni ukafunguka kabla gari halijasimama. Mama mwenye nyumba akatoka mbio na kanga ya jikoni. "Nilijua! Nimesikia honi nikasema, viti vyangu hivyo!"

Binti alikuwa bado amefumba macho, mikono kwenye dashibodi.

"Tumefika?" akauliza.

"Tumefika, mwanangu. Umeendesha vizuri."

Alifumbua macho akaliona bonde lote chini yao, na paa lililoinama la kituo kile, dogo kama kiberiti. Akacheka huku analia. Kisha akatoa simu.

"Mume wangu? Mwambie yule mtu wa Jumamosi atafute gari lingine. Hili lina mwenyewe."

Fundi alikuwa ameshashuka. Alifungua kamba, akakishusha kiti cha kwanza, kile kilichovunjika mguu akakitia gundi, akakiweka mbele ya mlango. Akamwangalia binti.

"Kalia," akasema. "Urukeruke."