Penati Mbili za Mume Wangu

Mume wangu alianza kunishuku kwa sababu ya mpira, na mimi nikaanza kumshuku kwa sababu ya mwanamke ambaye hakuwepo. Yote mawili yalitokea katika msimu mmoja wa ligi, miaka michache baada ya vita, Mwingereza alipokuwa bado anatutawala.

Tulikuwa tumepanga chumba Kashai, mjini Bukoba, sisi na mtoto wetu mdogo. Mume wangu kwao ni Buhembe, si mbali, lakini alitaka kukaa karibu na kiwanda cha kukoboa kahawa alikoajiriwa. Nasema aliajiriwa, ingawa kila mtu alijua kwamba kilichoajiriwa ni miguu yake. Asubuhi alibeba magunia kama wengine. Saa nane mchana, wenzake wakiwa bado wanabeba, yeye na wachezaji wa timu ya kiwanda waliruhusiwa kwenda uwanjani kufanya mazoezi. Msimamizi, Mzungu mmoja aliyependa mpira kuliko kahawa, aliwapa viatu vya njumu na kaptula nyeupe. Aliwaambia pia, bila kuzunguka, kwamba mikono ya kubeba magunia anayo mingi. Maana yake waliielewa: asiyecheza vizuri hana kazi.

Mimi kwetu ni Kimwani, kusini kabisa, ukishapita Muleba. Mdogo wangu wa kiume, yule aliyenifuata kuzaliwa, alikuwa seremala pale Muleba, na ndiye aliyekuwa golikipa wa timu ya huko. Ligi ilikuwa na timu sita, na kila timu ilikutana na nyingine mara mbili, nyumbani na ugenini. Kwa hiyo nilijua mapema kwamba kuna siku mbili ambazo sitajua nimshangilie nani. Sikujua kama siku hizo zitanifuata mpaka chumbani.

Mechi ya kwanza ilichezwa Bukoba wakati wa kiangazi. Nilisimama upande wa ziwa pamoja na wanawake wachache waliothubutu kwenda. Karibu na mwisho timu ya kiwanda ikapata penati. Mpigaji alikuwa mume wangu, na msimu uliopita hakukosa hata moja. Akauweka mpira, akarudi nyuma hatua tano, akapiga kulia. Mdogo wangu, akiwa peku, alikuwa ameshaelekea upande huo kabla mguu haujagusa mpira. Aliudaka akaukumbatia. Mechi ikaisha bila bao.

Jioni wachezaji walipita kwetu. Nahodha wao, ambaye alipanga chumba cha pili kutoka chetu, akamtania mume wangu.

"Golikipa si muramu wako?" akasema, kwa neno letu la Kihaya la shemeji. "Wewe unakula kwa dada yake, naye anakula siri zako."

Wakacheka wote. Mume wangu naye alicheka, lakini akanitupia jicho, na jicho lile halikucheka. Walipoondoka aliniuliza huku akiosha miguu.

"Alijuaje?"

"Amebahatisha tu."

"Hakubahatisha. Aliruka kabla sijapiga."

Tangu siku ile kitu kilibadilika. Wachezaji walipokuja hawakukaa tena ndani. Walisimama nje chini ya dirisha, na nikitoka na maji walinyamaza, mmoja akaanza kuzungumzia mvua. Viatu vyake vya njumu mume wangu akaanza kuviweka kwa nahodha, mbali na mikono yangu. Nilimuuliza kama kuna jambo, akasema hakuna.

Mvua za vuli zikaja, na senene, wale panzi wetu wanaoliwa, wakaja pamoja nazo. Mchezo wa marudiano kule Muleba ulikuwa umebakiza wiki moja. Niliamka alfajiri nikaenda Buhembe na mama mkwe wangu kuwakusanya senene majanini. Nikawanyonyoa mabawa na miguu, nikawakaanga, nikawafunga katika jani la mgomba. Kwetu Wahaya mwanamke akimfungia mumewe senene, amemwambia jambo ambalo halisemwi kwa mdomo, na mume anayewapokea humtafutia mkewe nguo.

Mume wangu alifungua jani, akatazama, akalifunga.

"Nimeshiba," akasema.

Nilikuwa sijawahi kusikia mwanaume wa Kihaya ameshiba senene. Kisha akachukua mkeka wake. Akasema timu nzima italala kiwandani mpaka siku ya safari, amri ya msimamizi.

Alipotoka nilipekua koti lake la kazi. Mfukoni nikakuta kifurushi kidogo cha kitambaa cheusi, kimeshonwa kwa uzi wa mgomba, kinanuka kama mizizi iliyochomwa. Nilikaa kitandani nacho mkononi. Chakula changu hakitaki, kitanda changu amekihama, na mfukoni ana dawa. Nikaanza kuwapitia wanawake wote wa Kashai kichwani, mmoja mmoja. Niliyemshuku zaidi alikuwa mke wa nahodha. Alikuwa mzuri, aliimba nasi kwaya ya kanisani, na mume wangu alikuwa akimsifia sauti yake.

Baada ya siku tatu nilimfuata. Alikuwa mlangoni anamenya ndizi.

"Mume wako analala wapi siku hizi?" nikamuuliza.

Aliweka kisu chini. "Na wako je?"

Tukatazamana. Mwishowe nilitoa kile kifurushi nikakiweka juu ya maganda. Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na kingine kama hicho, rangi ile ile na uzi ule ule.

"Nilidhani ni wewe," akasema. "Nilidhani umemwekea mume wangu."

"Mimi nilidhani ni wewe."

Tulicheka kidogo, kwa aibu. Kisha akanieleza. Juzi mumewe alikuwa ametoroka kiwandani, akaja kula kwake ndizi na maharage akiwa amesimama, maana alishindwa kuvumilia chakula cha kule. Akiwa anakula alimfunulia yote. Wachezaji walikuwa wamekwenda kwa mganga. Mganga aliwapa kila mmoja dawa yake, akawapa na mwiko: siku saba wasilale na wake zao wala wasile chakula kilichopikwa na wake zao.

"Na wewe ulitajwa," akaongeza, akiangalia ndizi. "Si jina. Mganga alisema kuna mwanamke ambaye mdomo wake unafika Muleba."

Akaniomba nisimwambie mtu kwamba mumewe alikula. Nikamwahidi. Nilirudi chumbani nikiwa nimepona wivu, lakini nimepata kidonda kingine. Mume wangu, mtoto wa mzee wa kanisa, alikuwa amekaa mbele ya mganga na kumsikia akinitaja, na hakufungua kinywa kunitetea.

Nilitaka kwenda Muleba kuona mchezo kwa macho yangu. Alituma mtu kunikataza, na lori la kiwanda likaondoka. Walirudi kesho yake jioni, kimya, hakuna wimbo garini. Wamefungwa bao moja kwa bila. Walikuwa wamepata penati tena, na safari hii mume wangu alipiga kushoto. Mdogo wangu alimsubiri kushoto.

Aliingia, hakukaa.

"Ulimwambia nini ndugu yako?"

"Sikumwambia kitu. Tangu kiangazi sijaonana naye."

"Alijua kulia. Sasa amejua kushoto. Nani mwingine anayenijua mimi?"

Sisi Walutheri tulifundishwa tusiape, lakini nilichukua Biblia rafuni, nikaweka mkono juu yake, nikaapa kwamba sijawahi kumwambia mdogo wangu lolote kuhusu penati zake. Aliutazama mkono wangu. Niliona wazi kwamba haamini. Ndipo hasira ikanipanda.

"Unatafuta mchawi nyumbani kwako," nikasema. "Kama mwiko umevunjwa, muulize nahodha wako alikula kwa nani."

Niliona sura yake inavyobadilika. Alitoka bila kufunga mlango. Nilikuwa nimetimiza ahadi yangu kwa mke wa nahodha kwa siku nne.

Wiki ile nilipata lori la kahawa lililokuwa linakwenda Muleba, nikaomba nafasi. Nilimkuta mdogo wangu kwenye karakana yake, anapiga randa mbao za jeneza. Alifurahi kuniona. Mimi sikuwa na salamu ndefu.

"Niambie ulijuaje."

Aliacha kupiga randa. Alidhani natania. "Dada, kweli unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe. Nyumba yangu inawaka moto."

"Ni wewe uliyetuambia."

Nilimwambia asinichezee. Akafuta vumbi la mbao mikononi, akasema polepole, "Krismasi iliyopita, Kimwani. Ulivaa kaptula ya baba juu ya gauni. Ulitengeneza mpira wa majani ya mgomba. Ukasema, hivi ndivyo mume wangu anavyojifunza penati kwenye kibanja, shamba la migomba la kwao. Ukapangusa kiganja cha kulia kwenye paja, ukapiga kulia. Ukapangusa cha kushoto, ukapiga kushoto. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka. Halafu nikaweka akilini."

Niliikumbuka kaptula ya baba, na jinsi nilivyokuwa nimeifunga kwa kamba. Nilikumbuka pia jinsi nilivyokuwa na furaha siku ile, kuwachekesha watu wa kwetu.

"Mbona hukunionya?" nikamuuliza.

"Ningekuonya nini? Ile ilikuwa ligi. Nikiwa golini sina dada."

Alinipa uji, nikanywa, nikarudi na lori lile lile. Njia nzima niliwaza mkono wangu juu ya Biblia. Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa ananidai ushahidi zaidi ya niliokwisha kuutoa, na ndugu yangu si mtu wa maneno mengi. Lakini mume wangu alikuwa analala chumba kimoja nami akiwa amegeukia ukuta, na nilijua nikinyamaza nitaugeukia ukuta wangu mimi pia.

Nilimwambia Jumapili, tukiwa Buhembe kwa wazazi wake. Nilimsimulia yote, kuanzia kaptula ya baba. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Mkono upi?"

"Kama unapiga kulia, wa kulia. Kama unapiga kushoto, wa kushoto."

"Sifanyi hivyo."

"Unafanya."

Akaingia ndani akatoka na mpira wake wa zamani. Akanisimamisha kati ya migomba miwili, mimi na kitenge changu cha kanisani. Akarudi nyuma hatua tano. Mkono wa kushoto ukashuka ukapangusa paja, nikasema, "Kushoto." Mpira ukaenda kushoto. Akaurudisha. Nikasema, "Kulia." Ukaenda kulia. Mara ya tatu alijizuia, mikono akaikaza kiunoni, akapiga juu, mpira ukapotelea kahawani. Alibaki amesimama pale akiitazama mikono yake.

"Kumbe hata mimi sijijui," akasema.

Hakunigombeza. Ningependa kusema tulicheka, lakini hatukucheka. Usiku ule alilala uso ukielekea juu, na kwangu hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Ila kulikuwa na jambo lililobaki, na sote wawili tulilijua. Maneno yangu kuhusu nahodha alikuwa ameshayafikisha kwa wenzake. Mganga aliulizwa, akathibitisha kwamba kweli mwiko ulivunjwa na mmoja aliyekula. Nahodha hakukana. Wachezaji wakakataa kucheza chini yake, msimamizi akachoka na ugomvi ambao hakuuelewa, akamwondoa kwenye timu, na kwa kuwa miguu yake ndiyo iliyoajiriwa, akamwondoa na kiwandani.

"Ungewaambia ukweli," nikamwambia mume wangu.

"Niwaambie nini? Kwamba mke wangu alinichezea ngoma mbele ya golikipa wa Muleba? Kesho watanifukuza mimi."

Sikumlazimisha. Huo ndio ukweli wenyewe, na siupunguzi. Tulikuwa na mtoto, na mimba nyingine ilikuwa inaanza.

Nahodha na mkewe waliamua kwenda Uganda, alikokuwa na ndugu. Siku waliyoondoka nilimsaidia mke wake kubeba mizigo mpaka gatini. Meli ilikuwa bado inapakia kahawa. Tulikaa juu ya masanduku yao. Kisha aliniuliza bila ukali, kama mtu anayeuliza saa.

"Nani aliwaambia kwamba alikula kwangu? Nilikuambia wewe tu."

"Labda kuna mtu alimwona akitoroka."

"Labda," akasema.

Aliendelea kunitazama mpaka nikainama kufunga kamba ya furushi ambayo tayari ilikuwa imefungwa. Meli ilipopiga king'ora aliinuka, akajitwika furushi mwenyewe, akapanda ngazi. Hakunipa mkono.

Kombe lilichukuliwa na timu nyingine kabisa. Msimu uliofuata wenzake walimchagua mume wangu kuwa nahodha, na akakubali. Penati alimwachia mwingine, akasema goti linamsumbua. Mimi sikwenda tena uwanjani. Kila nilipofunga safari ya Kimwani alinisindikiza mpaka kwenye lori, akaniuliza nitarudi lini. Nitakayoyasema huko hakuniuliza kamwe, ingawa nilikuwa namwona akitaka kuuliza, na mara nyingi nilitamani angeuliza tu.